Kulifuata Daftari la Mama Nai Nyuma ya Mlima Meru

Kwenu wa meza ya kahawa ya Kimandolu,

Mmeniuliza mara tatu kwa nini siku ya kongamano nilipanda jukwaani nikiwa na unyoya wa jogoo kwenye kola ya koti. Mara mbili nimewajibu kwamba ni habari ndefu. Mara ya tatu nimeona niiandike tu, kila mmoja asome kwa nafasi yake, na Massawe asipate pa kunikatiza.

Nitaruka barua ya mwaliko na fomu zake. La muhimu mnalijua: mimi, mtu wa kidato cha nne, niliyejifunza kompyuta kwa kusoma vitabu vya maelekezo vilivyoachwa kwenye makasha baada ya kiwanda chetu kuuzwa, nilipewa dakika ishirini mbele ya wenye digrii. Mada ilikuwa usalama wa mtandao kwa watu wanaotumia kafe za intaneti. Jumanne, saa nne asubuhi. Tangu kiwanda kiuzwe nimekaa Tanga, Mwanza na Mbeya, nikarudi tena Arusha, na kote huko hakuna aliyewahi kuniwekea kiti chenye jina langu. Nilikitaka kile kiti.

Levolosi, Jumamosi

Kila asubuhi nikifika kafe ya Levolosi nakaa kompyuta namba nne, ile ambayo herufi A imefutika kwenye kitufe, nafungua milisho yangu. Mlisho, kwa ninyi mnaonitania kwamba nafuga, ni njia ya kupata habari za tovuti bila kuzitembelea moja moja. Unaiambia kompyuta tovuti unazozipenda, na kila moja ikiandika jambo jipya, linakuja lenyewe kwenye ukurasa wako. Mimi nafuata tovuti arobaini na kitu. Tatu ni za usalama, na hizo ndizo zilizoniponza.

Wiki mbili kabla ya kongamano, mmoja wa waandishi wale alisema neno la siri likiwa fupi linaibwa kirahisi. Afadhali sentensi nzima na namba mwishoni. Akasema pia kwamba lile swali unaloulizwa ukisahau, kama vile mji uliozaliwa, usilijibu kwa ukweli, maana ukweli wako watu wanaujua. Nikamtii kwa yote mawili. Nikaweka sentensi. Nikaulizwa mji niliozaliwa, nikadanganya. Kisha nikafanya anachofanya kila mteja wa kafe ile: nikainuka, nikaenda kaunta, nikamwambia Mama Nai aniandikie.

Mama Nai ndiye msimamizi. Ana kaunta buku lenye jalada gumu, na ndani yake mna majina ya wateja, na mbele ya kila jina neno lake la siri. Hakuna aliyemwagiza. Watu walikuwa wanasahau, wanafungua anwani mpya kila wiki, ndugu zao wa ng'ambo wanaendelea kuandika kwenye anwani zilizokufa. Akaona usumbufu huo uishe. Mwenye kusahau anainama kaunta, Mama Nai anafunua, anamnong'oneza. Hata mimi, mtaalamu wa usalama, nimo ukurasa wa kumi na moja.

Jumamosi ile nilikwenda kuchapisha hotuba yangu. Diski niliyoihifadhia ilikuwa imeharibika, ukiiingiza inalia kama mlango wa stoo, lakini nakala nyingine nilikuwa nimejitumia kwa barua pepe, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikakaa namba nne, nikaweka vidole juu ya vitufe, na sentensi haikuja. Nilikumbuka kuwa ni sentensi. Nilikumbuka niliitunga mchana mmoja nikiwa nimetoka kugombana na mwenye nyumba. Basi. Nikajaribu mara tano. Nikaulizwa mji niliozaliwa, na uongo wangu nao ulikuwa umepotea.

Kaunta alikuwepo Happy, dada anayemshikia Mama Nai nafasi akiwa hayupo.

"Happy, naomba daftari."

"Daftari halipo, kaka Elifuraha. Mama Nai ameenda nalo kwao."

"Kwao wapi?"

"Oldonyo Sambu, mbele ya Ngaramtoni. Kesho wana sikukuu ya mavuno kanisani."

"Sasa daftari la kazini linaenda mavuno kufanya nini?"

"Alisema hawezi kuliacha na mimi, mimi nina mdomo." Akalisema bila kinyongo, akaendelea kumenya karanga.

Nikapiga simu ya Mama Nai. Huko kwao mtandao unapatikana juu ya kilima kimoja tu, na mwenye simu hakuwa juu ya kilima. Nikarudi nyumbani, nikapiga viatu vya kongamano rangi, kisha nikaona kwamba ndivyo viatu pekee nilivyonavyo. Ikabidi niondoke navyo.

Ngaramtoni na kuendelea, Jumapili asubuhi

Gari nililopata lilikuwa Landrova ambayo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Ilitoka vizuri, ikapita Ngaramtoni vizuri, halafu tairi likapasuka mahali pasipo na hata kivuli. Dereva akasema dakika kumi. Tulikaa saa moja na nusu.

Kando ya barabara niliketi karibu na mzee wa Kiarusha aliyejitanda shuka, redio ndogo inaning'inia shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaenda wapi na viatu vya namna hiyo?"

"Nafuata kitu changu, mzee. Kimepotea."

Akazima redio. Upande ule, ukisema umepotelewa, watu wanakusikiliza.

"Amepotea tangu lini?"

"Nimegundua jana."

"Alama zake unazijua?"

"Ni herufi nyingi, na namba mwishoni."

"Nyingi ngapi?"

"Kumi na zaidi."

Akamgeukia mwenzake, akamtafsiria kwa Kimaa.

"Zote hizo umempiga chapa mnyama mmoja?" Alisikitika kwa dhati. "Ndiyo maana amekukimbia, kijana wangu."

Nilitaka kumweleza, lakini sikuona pa kuanzia. Kabla hatujapanda gari akaniahidi kwamba atatangaza pale joshoni wanakoogeshea mifugo, na kama kuna mtu ameona ng'ombe mwenye maandishi, habari zitanifikia. Mpaka leo ninaposikia hodi naogopa kidogo.

Oldonyo Sambu, Jumapili mchana

Nilifika ibada imekwisha na mnada umepamba moto. Kwa ninyi ambao makanisa yenu hayana mnada: wengi kule huleta sadaka ya kile walichonacho, mayai, mtungi wa maziwa, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Ibada ikiisha, vyote vinatolewa nje na kuuzwa kwa kushindania bei, na fedha inaingia kwenye sadaka. Mwenye kunadi alikuwa mzee wa kanisa mmoja mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya korongo.

Nikamwona Mama Nai upande wa akina mama, nikaanza kupenya. Mzee wa kanisa akaniona mimi.

"Tuna mgeni. Mgeni, wewe ni wa wapi na unafanya kazi gani?"

"Natoka mjini. Natengeneza tovuti za kompyuta."

"Mnasikia? Mtu wa kompyuta ameacha mji wote akaja kwenye mavuno yetu. Huyu ataondoka mikono mitupu?"

Wakasema hataondoka. Jogoo mwekundu akainuliwa juu, huyu akatoa chochote, yule akaongeza, na kabla sijajua la kusema jogoo akawekwa mikononi mwangu kwa jina la usharika mzima. Nikashukuru. Akaniparua kiganja.

Mama Nai akaja huku anacheka. Ni mwanamke mrefu, rika langu, anayetembea kafeni kama mwalimu wa zamu.

"Fundi, umekuja kusali?"

"Nimekuja kwa ukurasa wa kumi na moja, Mama Nai."

"Umesahau? Wewe?" Akacheka zaidi. "Twende nyumbani. Daftari liko kwenye kikapu, chini ya mayai."

"Chini ya mayai?"

"Fundi, mwizi wa paswedi ataanza kufunua mayai?"

Nikakiri kwamba katika tovuti zangu tatu sikuwahi kukutana na njia hiyo.

Nyumbani kwao tulimkuta mama yake jikoni, anasonga ugali wa wageni. Nilimwamkia, akanikaribisha, akamfunga jogoo kwenye mguu wa kigoda. Mama Nai akaingia chumbani, akatoka.

"Yeyoo," akamwita mama yake, "kikapu changu kiko wapi?"

"Kile cha mayai? Nimekitoa sadaka."

"Na mayai yake?"

"Na mayai yake."

"Na kikapu chenyewe?"

"Wewe ulitaka Mungu abebe mayai mkononi?"

Tulirudi kanisani karibu kwa kukimbia. Mwandishi wa mnada akafunua karatasi zake: kikapu cha mayai kilinunuliwa na Mwinjilisti Anaeli, mstaafu, mgeni kutoka Ngarenanyuki. Ameshaondoka na lori lililokuwa linazungukia nyuma ya mlima.

Mama Nai akaketi kwenye ngazi za kanisa, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Fundi, humo mna watu karibu mia mbili. Mna askari. Mna wachungaji wawili. Mna yule dada anayeandikiana na wachumba watatu."

"Na mna mimi."

"Wewe umekosa hotuba tu. Mimi nitakosa kazi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mpaka hapo safari ilikuwa ya kiti changu peke yangu. Tukakubaliana twende wote kesho yake alfajiri, tukalipate daftari, nami niwe mjini kabla ya Jumanne saa nne.

Mama yake alituomba radhi kwa njia anayoijua: aliniletea loshoro, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa mpaka yakalainika, yakachanganywa na maziwa mgando ya baridi. Nilimaliza bakuli moja nikisema nimeshiba. Akajaza la pili akisema nimekonda.

Nyuma ya mlima, Jumatatu

Aliyetuchukua ni mfanyabiashara wa Kichaga, kila mtu barabarani anamwita Mangi. Anakwenda Ngarenanyuki mara mbili kwa wiki na matenga matupu, anarudi na nyanya. Mama Nai akakaa mbele. Mimi na jogoo tukakaa nyuma, kati ya matenga, katika vumbi laini kama unga wa sembe ambalo liliingia mpaka ndani ya soksi.

Tukaenda mwendo wa saa moja, gari likazama kwenye vumbi. Tukalitoa. Likazama tena. Mara ya tatu Mangi akazima injini, akatoa chupa ya chai na mkate wa ngano, akatugawia kama mtu aliyepanga kuzama.

"Kwa hiyo mnakwenda kwa Mwinjilisti Anaeli," akasema.

"Ndiyo," nikajibu.

"Na jogoo."

"Na jogoo."

Akatafuna kidogo. "Niwaambie mapema msije mkasikitika. Yule mzee amestaafu. Na hata alipokuwa kazini, kufungisha ndoa ni kazi ya mchungaji."

"Mimi nina mume, Mangi," Mama Nai akasema.

"Sijauliza, mama."

"Na watoto wanne."

"Mimi nabeba nyanya tu," Mangi akasema, "mambo ya watu siyaingilii." Lakini kuanzia hapo alinipa jicho la kunionya, na kipande changu cha mkate cha pili hakikuja.

Hapo tuliposimama ndipo nilipouona mlima. Mnajua jinsi Meru inavyoonekana kutoka kwetu, imesimama sawa, imekamilika, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nimeitazama hivyo tangu utoto, na kila mji niliokaa niliikumbuka hivyo hivyo. Tulipoendelea na kuzunguka upande wa mashariki, nikaona kumbe ubavu wote umebomoka. Ukuta mmoja umeanguka tangu zamani za zamani, na ndani kuna kilima cha majivu kimekaa peke yake kama jiwe la jiko. Nikamgongea Mangi kioo asimame.

"Umedondosha nini?" akauliza.

"Sijadondosha. Natazama mlima."

"Si huo huo wa mjini?"

"Siyo huo."

Mama Nai akachungulia dirishani, akautazama, akanitazama. "Fundi, ukiendelea hivi hotuba yako utawasomea nyanya."

Ngarenanyuki, Jumatatu alasiri

Nyumba ya Mwinjilisti Anaeli ina paa la bati na safu mbili za vitunguu zimeanikwa mbele. Tulimkuta barazani, mtu mdogo wa mwili, miwani imefungwa uzi mweusi nyuma ya kisogo, na mapajani mwake, ndugu zangu, limefunuliwa kaunta buku la Mama Nai.

Tukamwamkia. Nikamkabidhi jogoo, maana kwa mzee kama yule huendi hivi hivi, na kwa kweli mikono ilikuwa imeniuma. Alimpokea, akamsifu miguu, akatukaribisha chai. Mama Nai hakuweza kungoja chai.

"Mzee, hilo daftari ni langu. Liliingia kwenye kikapu kwa bahati mbaya."

"Lako?" Akavua miwani. Sikutegemea furaha ile usoni mwake. "Basi wewe ndiye kiongozi wa kikundi cha maombi. Nimekuwa najiuliza ni nani, maana kazi hii imepangwa vizuri sana. Jina, halafu haja yake, halafu namba ya wimbo."

Mama Nai akanyoosha mkono alipokee daftari.

"Wengine wameandika vizuri, mtu unaelewa mara moja," akaendelea, akilamba kidole na kufunua. "Huyu Godlisten, 'nipeviza'. Huyu dada, 'bwanamwaminifu', wimbo wa kumi na mbili. Kuna mmoja kaandika 'ngombe' na alfu tatu. Huyo nimemwombea, lakini nimemwomba na yeye apunguze. Shida ni namba. Nyingine zinazidi kitabu cha nyimbo. Hao nimewaimbia ninazozikumbuka kwa kichwa."

"Umewaombea wote?" Mama Nai akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama, mimi ni mzee. Tangu jana jioni nimefika ukurasa wa sita. Nikaona kwa mwendo huu wengine watakufa kabla sijawafikia. Kwa hiyo asubuhi, kwenye ibada ya alfajiri, nikawasomea wenzangu, kila nyumba ikaandika majina yake kumi na haja zao. Sasa hivi hakuna mtu kwenye daftari lako ambaye hana nyumba inayomwombea."

Nimesoma mengi kuhusu namna maneno ya siri yanavyovuja. Nimesoma juu ya wezi wa mbali wenye mashine zinazofanya kazi usiku na mchana. Hakuna mahali nilipoambiwa kwamba siri za watu mia mbili zinaweza kugawanywa nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio, kabla ya chai ya asubuhi, na aliyefanya hivyo asiwe na kosa hata moja la kumlaumu. Ule nao ulikuwa mlisho. Kila nyumba ilipokea habari zake bila kuziendea.

Nikamweleza. Nilieleza taratibu, kwamba barua za siku hizi zinakaa kwenye kompyuta, kila mtu ana sanduku lake, na hayo maneno ni funguo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo baadhi yenu mngeliiga.

"Kwa hiyo hizi si haja zao," akasema.

"Ni funguo, mzee."

"Hakuna aliyewaambia waandike nini?"

"Hapana. Kila mtu anaandika analotaka."

"Na huyu aliandika 'nipeviza' mwenyewe, bila kulazimishwa, na kila siku anakaa analiandika tena."

"Ndiyo."

"Basi mimi sijakosea sana," akasema, akavaa miwani. "Na wewe ni yupi humu?"

"Elifuraha. Ukurasa wa kumi na moja."

Alifunua. Akasoma kimya, akainua macho, akanitazama viatu, vumbi, koti. Nilisahau kwamba nilikuwa nimefuata kitu hiki mlima mzima. Ghafla sikutaka kisomwe.

"Nakukumbuka. Wewe nilikusoma alfajiri, nikabaki na jina lako mwenyewe, sikumpa mtu. Elifuraha. 'Nimechoka kuhama.'" Akaacha kidole pale pale. "Na wimbo uliouandika ni wa mazishi. Nikasema huyu hali yake si nzuri."

Mama Nai aliangalia vitunguu.

Hiyo ndiyo sentensi. Niliiandika mchana ule mwenye nyumba aliponiambia nitafute pengine, nikampa Mama Nai anukuu, na nadhani niliisahau kwa sababu sikutaka kuijua. Ninyi mnaniona mtu wa safari, kila meza nina hadithi ya Mbeya na ya Mwanza, na mimi mwenyewe najiona hivyo. Nina masanduku mawili ya kiwandani ambayo sijawahi kuyafungua tangu nirudi Arusha.

"Umechoka kweli, baba?" mzee akauliza.

"Siku ile nilikuwa nimechoka."

"Na leo?"

Nikasema leo nina vumbi tu. Akacheka, lakini hakufunga daftari mpaka nilipojibu vizuri, na jibu hilo nitabaki nalo.

Mke wake akatuletea chai na mayai ya kukaanga. Niliyatambua yale mayai.

Kurudi na nyanya

Mangi alikuwa ameshapakia na anapiga honi. Safari hii nilikaa mbele pia, tumebanana watatu, daftari mapajani mwa Mama Nai chini ya mikono yake yote miwili. Tukashuka kwa upande wa Usa River jua likiwa limeshainama. Mangi alitutazama mara mbili, akaona jogoo hayupo.

"Kwa hiyo amekubali," akasema.

Mama Nai akamwambia atazame barabara.

Kongamano, Jumanne

Saa moja asubuhi nilikuwa kompyuta namba nne. Niliandika sentensi yangu herufi kwa herufi, polepole, na sanduku likafunguka. Nikachapisha hotuba. Koti nililipiga brashi barabarani. Unyoya ulikuwa nyuma ya kola, sikuuona.

Kiti kilikuwepo. Kibandiko kilikuwepo, jina limekosewa kidogo, sikujali. Walinitangulia vijana wawili wenye digrii, na nilipoitwa nikapanda, nikasoma salamu, nikasoma utangulizi, nikafika kwenye kanuni ya kwanza, ambayo niliiandika mwenyewe kwa kujiamini kabisa: usimwambie mtu mwingine yeyote neno lako la siri, na kamwe usiliandike kwenye karatasi. Nikainua macho ili wasikilizaji waizingatie. Kule nyuma, karibu na mlango, Mama Nai alikuwa amekaa na kaunta buku lake mapajani.

Nikakunja karatasi. Mliokuwepo mliona. Nikawasimulia haya mnayoyasoma, kwa kifupi, bila majina, na bila kutaja kafe. Walicheka pale kwenye ng'ombe mwenye maandishi, wakacheka zaidi kwenye namba za nyimbo. Kisha dada mmoja wa mstari wa mbele akauliza, sasa tuwashauri watu nini? Nikamjibu lile lililonijia: watu huandika kwenye kufuli kile wanachokitamani, kwa hiyo anayewajua ameshaingia. Chagua neno ambalo hakuna mtu angeweza kukuombea. Wakaandika kwenye madaftari yao. Hilo ndilo nililopigiwa makofi, Massawe, siyo unyoya.

Mama Nai hajakosa kazi. Wiki nzima ile kila mteja aliyeingia aliketishwa na kuambiwa abadilishe neno lake la siri kabla hajafanya lingine, na alipouliza sababu alijibiwa kwamba ni maagizo ya mtaalamu. Daftari amelichoma mwenyewe nyuma ya kafe. Jumamosi nilimwona na daftari jipya, dogo zaidi. Nilijifanya sijaliona. Juzi akaniita kaunta.

"Fundi, mmebaki wawili hamjabadilisha. Yule askari na wewe."

Nikakaa namba nne mbele yake ili aone. Namba ya mwishoni nilibadilisha, kwa hiyo wenye vitabu vya nyimbo msijisumbue kutafuta ule wa mazishi. Maneno nimeyabakiza kama yalivyokuwa. Najua kanuni, nimepigiwa makofi kwa kuisema. Lakini jina langu mzee hakumpa mtu, alibaki nalo mwenyewe. Nikibadilisha, kila alfajiri kule nyuma ya mlima atakuwa anamwombea mtu ambaye hayupo.

Sanduku moja nimeshalifungua. Lina vitabu vya maelekezo na kikombe cha kiwandani. Kikombe nitakileta mezani.

Elifuraha